Mkoba wa Wananchi na Kibindo cha Siri

Katika kila tawi la Chama kuna daftari la fedha. Mweka hazina huandika humo kila shilingi iliyoingia na kila shilingi iliyotoka, na siku ya mkutano mwanachama yeyote, hata mama auzaye maandazi sokoni, ana haki ya kusimama na kuuliza: "Ndugu Mweka Hazina, hizi elfu ishirini zilikwenda wapi?" Akijibiwa kwamba hayo ni mambo ya siri, wazee hutazamana, na tangu siku ile tawi halina amani tena.

Twaanza na daftari la tawi kwa makusudi. Wako ndugu zetu wasemao kwamba kuuliza hesabu ni kazi ya matawi tu; ya kwamba Serikali, hasa katika mambo ya silaha na ulinzi, yafaa iachiwe ifanye itakavyo, na raia mwema hunyamaza. Maneno haya ni matamu masikioni lakini yana sumu. Tukitaka kujua sumu hiyo hufanya nini katika mwili wa taifa, na tuyatazame yaliyoipata Marekani, dola kubwa na tajiri, kati ya 1984 na 1986. Vijana wengi wa Chama, pamoja na sisi tuandikao, tulikuwa hatujazaliwa. Kwa hiyo yatupasa tuyasome kama somo la historia, hatua kwa hatua.

Nicaragua ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Tarehe 19 Julai 1979 wananchi wake, wakiongozwa na Wasandinista, waliuangusha utawala wa ukoo wa Somoza uliokuwa umewakalia tangu miaka ya 1930. Rais Ronald Reagan, aliyeshika madaraka ya Marekani Januari 1981, aliwaona watawala hao wapya kuwa Wakomunisti, na kabla ya mwaka ule kwisha alitia sahihi amri ya siri ya kuwasaidia maadui zao. Maadui hao waliitwa Wakontra. Walikuwa na kambi zao Honduras, wakivuka mpaka kuchoma mashamba ya ushirika, kubomoa shule na zahanati, na kuua wakulima. Mwanzoni mwa 1984 shirika la ujasusi la CIA likatega mabomu ya baharini katika bandari za Nicaragua. Mahakama ya Kimataifa mjini The Hague iliamua, tarehe 27 Juni 1986, kwamba Marekani imevunja sheria ya mataifa. Marekani ikakataa kuitii hukumu hiyo.

Hatusemi kwamba Wasandinista walikuwa malaika. Daniel Ortega, aliyewaongoza wakati ule, alirudi madarakani 2007, na tangu hapo wapinzani wake wengi wametiwa ndani au kufukuzwa nchini mwao. Lakini kasoro za jirani si ruhusa ya kumchomea nyumba.

Sasa msomaji na atutegee sikio. Bunge la Marekani lina kazi moja iliyo nzito kuliko nyingine zote: kushika mkoba. Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, lakini Katiba yao haimruhusu kutumia senti moja ambayo Bunge halikuipitisha. Waliotunga Katiba ile walikwisha onja utawala wa mfalme, wakajua kwamba mwenye bunduki asiwe pia ndiye mwenye mkoba. Oktoba 1984, Bunge likiwa limechoshwa na habari za mabomu bandarini, liliufunga mkoba. Sheria iliyopewa jina la mbunge Edward Boland ilikataza CIA, Wizara ya Ulinzi na idara yoyote ishughulikayo na ujasusi kutumia fedha kwa vita vya Wakontra. Rais mwenyewe aliitia sahihi.

Hapo ndipo kibindo cha siri kilipofungwa kiunoni.

Rais alikuwa amewaambia wasaidizi wake kwamba Wakontra wasiachwe wafe. Kazi hiyo ikaangukia Baraza la Usalama wa Taifa, yaani ofisi ya washauri wa Rais, ambayo walidai kwamba sheria ya Boland haikuigusa. Mtendaji alikuwa afisa wa kikosi cha wanamaji, Luteni Kanali Oliver North. Wakubwa wake walikuwa Robert McFarlane, na baada yake Admirali John Poindexter. Mlezi wao kwa pembeni alikuwa William Casey, mkuu wa CIA.

Fedha ingetoka wapi? Wakaenda kubisha hodi kwa wageni. Saudi Arabia ikatoa dola milioni 32. Taiwan ikatoa milioni 2. Matajiri wa Marekani wakachangishwa, na michango mingine ikaandikwa kuwa ni sadaka ili wapunguziwe kodi. Agosti 1986 ofisa mmoja wa Wizara ya Mambo ya Nje alikwenda London kuonana na mjumbe wa Sultani wa Brunei, akaomba dola milioni 10. Sultani akazitoa. Lakini namba ya akaunti ya benki ya Uswisi iliyoandikwa kwenye karatasi ilikuwa na makosa, tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, na milioni 10 zikaingia katika akaunti ya mtu mwingine kabisa!

Msomaji anaweza kucheka. Lakini na afikiri. Taifa lenye wahasibu maelfu liliomba fedha kama mtu aombaye nauli stendi, kisha likazipoteza, na hapakuwa na mtu wa kuulizwa, kwa sababu katika vitabu vya Serikali fedha hizo hazikuwako.

Wakati huo huo, watu wale wale walikuwa na biashara nyingine upande wa pili wa dunia. Tangu Novemba 1979, Wairani walipouteka ubalozi wa Marekani mjini Tehran, nchi hizi mbili zilikuwa maadui. Iran ilikuwa vitani na Iraq tangu Septemba 1980, na Marekani ilizunguka huku na huku ikiyaonya mataifa yasiiuzie Iran silaha. Januari 1984 iliiandika Iran katika orodha ya nchi zisaidiazo ugaidi. Huko Lebanon, watu wenye uhusiano na Iran walikuwa wamewateka Wamarekani kadhaa. Hadharani Rais aliapa kwamba hatapatana na watekaji. Sirini mambo yalikuwa mengine.

Agosti na Septemba 1985 makombora 504 ya kuvunja vifaru yalipelekwa Iran kwa kupitia Israel. Mateka mmoja akaachiliwa. Februari 1986 yakapelekwa 1,000 mengine. Hakuachiliwa hata mmoja. Mei 1986 McFarlane na North walikwenda wenyewe mpaka Tehran, wakiwa na pasi za bandia za Ireland, vipuri vya makombora, na keki ya zawadi. Wakarudi mikono mitupu. Kwa jumla Iran ilipata zaidi ya makombora 2,000 ya aina hiyo, na mateka walioachiliwa ni watatu. Na mnamo Septemba na Oktoba 1986 Wamarekani wengine watatu wakatekwa mjini Beirut. Ukimlipa mwizi wa mbuzi ili akurudishie mbuzi wako, umemfundisha kwamba zizi lako lina faida.

Basi mito hii miwili, wa Nicaragua na wa Iran, ikakutana katika kibindo kimoja. Jenerali mstaafu Richard Secord na mfanyabiashara Albert Hakim walikuwa na makampuni na akaunti Uswisi, na biashara ya makombora ilipitia kwao. Kwa yale makombora 1,000 ya Februari, Iran ililipa dola milioni 10. Serikali ya Marekani, iliyokuwa mwenye mali, ikapata milioni 3.7 tu. Bunge lilipochunguza baadaye, liliona kwamba faida ya biashara ya Iran ilikuwa dola milioni 16.1, na kama milioni 3.8 kati ya hizo ndizo zilizowafikia Wakontra. Hata vyombo vya ulinzi vilivyowekwa nyumbani kwa North, vyenye gharama ya dola 13,800, vililipwa na Secord. Ndivyo ilivyo fedha isiyo na daftari: huanza kwa jina la uzalendo, na huishia langoni mwa nyumba ya mtu.

Njia ya mwongo ni fupi. Tarehe 5 Oktoba 1986 askari kijana wa Nicaragua aliitungua ndege ya mizigo iliyokuwa ikiwapelekea Wakontra silaha. Watu watatu walikufa. Mmarekani mmoja, Eugene Hasenfus, aliruka kwa mwavuli akakamatwa. Rais akasema Serikali yake haihusiki na ndege ile. Tarehe 3 Novemba gazeti la Lebanon liitwalo Ash-Shiraa likaitangaza safari ya Tehran. Tarehe 13 Novemba Rais akawaambia wananchi wake kwamba silaha hazikutolewa ili kununua mateka. Tarehe 25 Novemba Mwanasheria Mkuu wake, Edwin Meese, akalazimika kutangaza kwamba faida ya silaha za Iran imepelekwa kwa Wakontra. North akafukuzwa, Poindexter akajiuzulu. Lakini siku chache kabla ya hapo North na katibu wake walikuwa wamekwisha pitisha makaratasi mengi katika mashine ya kuchana, na mengine katibu huyo aliyatoa ofisini akiwa ameyaficha ndani ya viatu na nguo zake. Tarehe 4 Machi 1987 Rais akakiri mbele ya taifa: moyo wake ulikuwa bado wamwambia kwamba hakununua mateka kwa silaha, lakini ushahidi ulisema alifanya hivyo.

Dola kubwa hivyo, ikafichuliwa na askari mmoja mwenye kombora begani na gazeti moja la Beirut! Wanaodharau vijarida na wananchi wa kawaida na waliweke hilo moyoni.

Wengi husema kosa kubwa la Marekani lilikuwa kumwuzia adui silaha. Wengine husema lilikuwa uongo wa Rais. Sisi twasema yote hayo ni watoto, na mama yao ni kibindo. Bunge lilisema hapana. Waliotaka vita wangeweza kurudi kwa wananchi, wakabishana nao na kuwashinda kwa hoja. Na njia hiyo ilikuwako, kwa maana katikati ya 1986 Baraza la Wawakilishi lilikubali kuwapa Wakontra dola milioni 100. Kwa maoni yetu wabunge wale walikosea vibaya. Lakini walikosea mchana, kwa kura zilizohesabiwa, na mpiga kura aliyekasirika alilijua jina la mbunge wa kumwondoa. Kosa la mchana lina dawa. Kosa la usiku halina, kwa kuwa hakuna ajuaye amwulize nani.

Julai 1987 North aliliambia Bunge kwamba Casey alitaka pawe na chombo cha kudumu chenye fedha zake chenyewe, kiwe tayari kutumiwa mahali popote. Casey hakuulizwa, maana alikufa tarehe 6 Mei 1987, siku moja tu baada ya vikao kuanza. Fikirini, ndugu wananchi: ndege, meli, silaha na akaunti za benki, vyote nje ya Bunge, nje ya Katiba, nje ya kura. Chombo cha namna hiyo si idara. Ni serikali ya pili, na serikali ya pili haina uchaguzi. Poindexter naye alisema kwamba yeye ndiye aliyeikubali ile hila ya fedha za Iran, na kwamba hakumwambia Rais kwa makusudi, ili Rais asiweze kulaumiwa. Yaani mtumishi asiyechaguliwa na mtu aliamua habari ya vita, akamfungia mlango hata yule aliyechaguliwa na wananchi.

Nani aliyelipa? Mwendesha mashtaka maalumu, Lawrence Walsh, aliteuliwa Desemba 1986 na alifanya kazi kwa miaka zaidi ya sita. Watu 14 walishtakiwa, na 11 wakatiwa hatiani. Hukumu za North na Poindexter zilifutwa kwenye rufani kwa sababu ya kinga waliyopewa walipotoa ushahidi Bungeni. Tarehe 24 Desemba 1992 Rais George Bush, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati wa mambo yale, aliwasamehe watu sita, akiwamo Caspar Weinberger aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, hata kabla kesi yake haijasikilizwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyelala gerezani, naye kwa makosa ya kodi. Yule ofisa aliyekwenda London kuomba fedha za Brunei, Elliott Abrams, alikiri kosa la kulificha Bunge habari, akawa miongoni mwa waliosamehewa. Na 2019 aliteuliwa kuwa mjumbe maalumu wa Marekani katika mambo ya Venezuela.

Na wafu je? Vita vya Nicaragua viliua watu wapatao 30,000. Iran na Iraq ziliendelea kuuana mpaka Agosti 1988, na waliokufa huko huhesabiwa kwa malaki. Hao hawakupata msamaha wa mkesha wa Noeli.

Mwafrika asidhani kwamba hizi ni habari za ng'ambo tu. Mwaka 1975 CIA ilimwaga fedha na silaha Angola kwa siri, na 1976 Bunge la Marekani likakataza jambo hilo kwa kifungu kiitwacho cha Clark. Mwaka 1985, mwaka ule ule ambao makombora yalianza kwenda Iran, kifungu hicho kilifutwa. Januari 1986 Jonas Savimbi alipokewa Ikulu ya Marekani, na silaha zikafuata, wakati majeshi ya Makaburu yalikuwa yakiingia Angola kumsaidia Savimbi huyo huyo. Vita vya Angola havikwisha mpaka 2002. Na kabla ya hapo, kamati ya Seneti ya Marekani iligundua 1975 kwamba CIA ilipeleka sumu Leopoldville mwaka 1960 ili Patrice Lumumba auawe. Sumu ile haikutumika. Lumumba aliuawa kwa mikono mingine Januari 1961. Lakini wananchi wa Marekani hawakuwahi kuulizwa kama wataka kulipia sumu. Kibindo cha siri kikifunguliwa ng'ambo, makaburi huchimbwa Afrika.

Wala tusiwanyoshee wengine vidole tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Tanzania ilinunua rada kwa kampuni ya Uingereza ya BAE kwa kiasi cha pauni milioni 28, wataalamu wakilalamika kwamba bei ni kubwa mno kwa nchi maskini. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kwamba haikuweka hesabu sahihi za malipo yahusuyo biashara hiyo, na ikatoa pauni milioni 29.5 kwa faida ya wananchi wa Tanzania. Fedha hizo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Sisi tuliofunzwa ualimu twajua thamani ya dawati moja, kwa kuwa tumewafundisha watoto walioketi sakafuni na daftari magotini. Kila senti ifichwayo katika biashara ya silaha imetolewa chini ya mtoto kama huyo. Wakati ule senti zilirudi, lakini kwa kuwa mahakama ya nchi nyingine ilifungua daftari. Hatutaki kungoja wageni watufungulie daftari letu.

Twakubali kwamba ulinzi una siri zake. Mahali zilipo bunduki za taifa ni siri, na asemaye vingine ni mjinga au ni adui. Lakini bei ya bunduki, na aliyelipa, na aliyepata bakshishi, si siri kwa mwenye fedha. Na mwenye fedha ni mwananchi. Anayezichanganya siri hizi mbili anataka tulilinde jeshi ili yeye alindwe nyuma yake.

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, silaha isinunuliwe wala kuuzwa bila wabunge waliochaguliwa kuiona hesabu yake, hata ikibidi waione nyuma ya mlango uliofungwa. Pili, Serikali, na Chama chetu vile vile, visipokee zawadi ya mgeni yeyote ambayo haikuandikwa katika daftari, maana mkono upokeao sirini hulipa sirini, na kinacholipwa huwa ni nchi. Tatu, atakayelidanganya Bunge kwa kisingizio cha usalama wa taifa afikishwe mahakamani, na msamaha usimtangulie mbele ya hakimu.

Haya yataanza Bungeni, lakini hayatasimama yasipokuwa na mizizi katika matawi. Taifa lililozoea kunyamaza mbele ya mweka hazina wa kijiji halitakuwa na sauti mbele ya Waziri wa Ulinzi. Kwa hiyo mama wa maandazi akisimama mkutanoni Jumapili hii na kuuliza elfu ishirini zilikwenda wapi, tusimkalishe. Tumfungulie daftari.